Susana Sita na Kifungo cha Pili

Duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa limefurika watu Jumamosi ile. Mtunza picha wa jumba la sanaa, mwanamke mfupi mwenye gauni la njano na haraka zisizokwisha, akageuka ghafla na kugonga uso kwenye shati la mtu. Shati la bluu, kifungo cha pili.

"Pole, dada. Sikukuona."

"Hakuna anayeniona. Maisha yangu yote natazamwa utosini."

Mwenye shati, fundi fremu, alicheka, akainama amtazame machoni. Bibie akasahau misumari aliyoijia.

Miezi mitatu baadaye walikuwa chanda na pete, na fundi alikwisha kumbatiza mpenzi wake jina la Pilipili, kwa ufupi na ukali wake. Pilipili alikuwa akiandaa maonyesho: picha sita za wanawake sita, zilizochorwa katika karne nne, kila mmoja akiitwa Susana. Ndilo lililokuwa jina la marehemu mama yake, naye mfupi vilevile. Fundi akapewa kazi ya kuzitundika.

Siku moja kabla ya ufunguzi, Pilipili aliingia na mkurugenzi. Picha zote zilikuwa chini kuliko kawaida, zaidi ya shubiri nzima. Mkurugenzi akakunja uso.

"Fundi gani hajui kusoma futi?" Pilipili alifoka mbele ya wote. "Umenitia aibu."

Fundi alifunga sanduku la zana, akaondoka.

Mchana kutwa Pilipili hakutulia. Anakaa, anasimama; anashika simu, anaiweka. Mkurugenzi alitaka picha zipandishwe kabla ya jioni, la sivyo Pilipili atafute kazi nyingine. Pilipili akaburuta ngazi mwenyewe, akasimama mbele ya Susana wa kwanza, mwenye kilemba cheusi. Wakatazamana macho kwa macho. Wa pili, mwenye kikapu, vivyo hivyo. Wote sita. Tangu mama yake azikwe, hakuna aliyemtazama hivyo bila kuinama. Aibu ikamshika, machozi yakamtoka.

Akampigia fundi; simu ilipokelewa mara ya nne.

"Kipimo ulikitoa wapi?"

"Kifungo changu cha pili. Ndipo macho yako yanapofika."

"Kwa nini hukusema, mpenzi?"

"Ungenisikia? Nakuja kuzipandisha, usije ukafukuzwa."

"Usiziguse. Njoo tu, na uvae shati lile."

Fundi alipofika, Pilipili alikwisha kumwambia mkurugenzi kwamba picha zinabaki palepale, na akitaka kumfukuza, amfukuze. Mkurugenzi alikuwa bado hajajibu.

"Nisamehe," Pilipili alimwambia fundi, uso kifuani pake. "Kesho wageni watainama, watake wasitake. Na wewe, utaniinamia hadi uzeeni?"

"Mgongo utaniuma."

Fundi akaketi kwenye kidato cha chini kabisa cha ngazi, akamshika mikono yote miwili. "Hivi je? Utakubali niwe mumeo?"

Kwa mara ya kwanza, Pilipili ndiye aliyemtazama mtu utosini. Nywele zilikuwa zimejaa unga wa mbao.

"Nimekubali," akasema, akambusu papo hapo.