Dekio la Soko la Marlstow

Ninayoyaandika hapa yalimpata mdogo wangu, Winifred Pargeter. Mengi niliyaona mwenyewe. Yale nisiyoyaona nimeyaandika kama alivyonisimulia, bila kuongeza neno.

Katika familia yetu mimi ndiye mtunza vitu. Vyeti vya kuzaliwa na vya kufa, barua za baba kutoka vitani, hata meno ya utotoni ya Winifred, vyote vimo ndani ya kopo kubwa la biskuti, kwenye kabati ambalo ufunguo wake ninao mimi peke yangu. Sijawahi kutupa karatasi wala kitambaa cha familia hii. Kitu kimoja tu nilikichoma moto, na nitakieleza.

Alhamisi, tarehe kumi Oktoba 1957, tulipanda basi la asubuhi kutoka Coventry kwenda Marlstow. Bibi yetu mzaa mama alizaliwa huko, nami nilitaka kuona jina lake katika kitabu cha ubatizo cha kanisa. Winifred alikuwa na miaka kumi na tisa. Hakuwa na kazi tangu kiwanda cha saa kilipopunguza watu, na alinifuata kwa ajili ya keki. Mama alituagiza kitu kimoja tu, dekio la kudekia sakafu.

"Ya hapa mjini yanapukutika kama mbwa mzee," alisema. "Kule sokoni wanayafunga kwa mkono."

Marlstow ilikuwa imejaa, kama inavyojaa kila Alhamisi. Kulikuwa na jibini, kabichi, sungura waliotundikwa kwa miguu na mabakuli ya kaure yaliyotandazwa juu ya majani makavu. Mvua ilikuwa nyembamba, ile ambayo watu hawaikimbii. Muuza madekio alikuwa mzee mwenye kofia ya kitambaa. Winifred alichagua dekio lenye mpini mrefu, akaliweka begani kama bunduki na kupiga saluti.

"Lifunge kichwa hilo, binti," yule mzee alisema, akampa gazeti. "Leo ni siku ya maonyesho."

"Kwani litapata mafua?"

"Lifunge tu."

Winifred alicheka. Tulipofika katikati ya uwanja alilifungua gazeti na kujifunika nalo kichwani, maana nywele zake alikuwa amezitengeneza jana yake. Nilimwacha akiwa amesimama kwenye msalaba wa soko. Ni nguzo ya mawe juu ya vipandio vitano, ambavyo vimelika katikati kwa miguu ya watu wa miaka mingi. Alisimama kipandio cha tatu, na dekio wazi mkononi.

Kanisani nilikaa nusu saa. Jina la bibi nililiona, nikalinakili. Niliporudi, Winifred alikuwa akizungumza na mwanamke mrefu aliyevaa nguo nyeusi hadi miguuni, na funguo nyingi kiunoni. Nilidhani ni mmoja wa wale wanaovaa mavazi ya kale siku za maonyesho.

"Una mtu wa kumfanyia kazi?" mwanamke alikuwa akimuuliza.

"Sina, mama. Natafuta tangu kiangazi."

"Mikono ina nguvu?"

"Ya farasi, mama. Tatizo nakula kama farasi pia."

Mwanamke hakutabasamu. "Nyumba ni kubwa," alisema. "Ni mwaka mmoja. Maonyesho hadi maonyesho." Kisha akanyoosha mkono.

Winifred alinitazama, nusu akicheka, nusu akiomba msaada. Hapa sitajificha. Nilitaka kuwahi chai, na niliona haya watu wakitutazama. Nilisema, "Mpe mkono, Winnie. Usimwaibishe mzee wa watu."

Akampa mkono.

Mwanamke alitoa utepe mwekundu mfukoni, akamfunga kwenye kifungo cha koti. Alifunga polepole, kwa uangalifu, kama mama anayemwandaa mtoto kwenda shule. Akaondoka kupita katikati ya meza za kabichi. Mvua ilikuwa bado inanyesha, na mimi nilikuwa nimelowa mabega.

Nguo yake ilikuwa kavu.

Katika mkahawa wa Bi Tranter tuliagiza chai na mikate ya zabibu. Bi Tranter mwenyewe ndiye aliyetuhudumia, mama mnene mwenye mashavu mekundu. Alipokuwa akimimina aliuona utepe. Birika lilibaki hewani.

"Nani amekufunga huo?"

"Mwajiri wangu," Winifred alisema. "Nimepata kazi hapo msalabani, na wala sikuandika barua ya maombi."

Bi Tranter aliinama. Sauti yake ilishuka hadi ikawa mnong'ono. "Ulikuwa umeshika dekio? Wazi?" Winifred akaitikia kwa kichwa. "Sikiliza, mwanangu. Huo utepe utunze. Alhamisi ijayo..."

"Samahani," nilisema. "Basi letu ni saa tisa, na mambo ya mizimu hatuyaamini. Tuletee hesabu yetu, tafadhali."

Alileta hesabu. Alipotufungulia mlango alinishika mkono, akasema mara moja tu, "Utunze."

Ijumaa asubuhi Winifred alichelewa kuamka. Alishuka ngazi akishika ukuta. Vifundo vya vidole vyake vilikuwa vyekundu, na magoti yamevimba.

"Nimeota nikisugua sakafu," alisema. "Usiku kucha. Hata ndotoni sipati kazi ya ofisini."

Tulicheka, yeye, mama na mimi. Jumamosi kucha zake zilikuwa na majivu. Sisi tulikuwa na jiko la gesi. Hapakuwa na majivu katika nyumba yetu tangu vita viishe.

Jumapili hakwenda kanisani. Nilimpelekea chai kitandani, nikamkuta amekaa, mikono yake ameilaza juu ya shuka, viganja juu. Alikuwa ananuka sabuni ya magadi.

"Ngazi zina vipandio arobaini na kimoja, dada," alisema. "Nimevihesabu nikivisugua. Nikifika juu, vya chini vina tope tena."

"Ni ndoto, Winnie."

"Simwoni mtu. Nasikia funguo tu, chumba cha pili. Nimejaribu kusema utani. Niliusemesha ukuta, nikijua yupo ng'ambo. Hakuna anayecheka kule."

Jumatatu nilifanya nilichokifanya. Niliuondoa utepe kwenye kifungo cha koti lake alipokuwa amelala, nikaushika kwa koleo juu ya moto wa gesi, mpaka ukaisha. Niliamini kwamba ni ule utepe uliokuwa umeishika akili yake, na kwamba usipokuwepo atasahau. Uliungua na harufu ya nywele. Majivu yake niliyamwagia maji.

Jumatano ilikuja barua kutoka Marlstow. Bi Tranter alikuwa ameipata anwani yetu kwa mchungaji, maana nilikuwa nimeiandika katika kitabu cha wageni kanisani. Ninayo barua hiyo mpaka leo. Alieleza kwamba zamani wasichana waliotafuta kazi za ndani walisimama msalabani siku ya maonyesho wakiwa wameshika dekio, na mwenye nyumba akimtaka mmoja humpa mkono na kumfunga utepe. Baada ya hapo ni mwaka mzima. Lakini Alhamisi iliyofuata kulikuwa na soko jingine, lililoitwa soko la watoro. Siku hiyo aliyejuta aliruhusiwa kurudi msalabani kabla ya kengele ya saa sita mchana, ile ya mapigo kumi na mawili, akarudisha utepe, na hakudaiwa chochote. *Mwanamke yule huchukua mmoja, si kila mwaka,* aliandika. *Wawili ninaowajua walirudisha na wakapona. Lazima arudishe mwenyewe, kwa mkono wake. Mlete Alhamisi. Mlete na utepe.*

Niliisoma mara mbili nikiwa nimesimama barazani. Sikumwambia mama. Nilikwenda dukani nikanunua utepe mwekundu wa upana uleule.

Alhamisi tulifika Marlstow saa tano unusu. Winifred alitembea kama bibi kizee, nami nilimshika kwapani. Utepe mpya ulikuwa kwenye kifungo chake. Alidhani ni uleule. Bi Tranter alikuwa akitusubiri penye msalaba, akiwa bado na aproni yake. Alipoutazama utepe alijua.

"Si huu," alininong'oneza. "Uko wapi?"

Niliinamisha macho kwenye mawe.

"Umeupeleka wapi, wewe?"

"Nimeuchoma."

Winifred alisikia. Hakunilaumu. Aligeuka tu akanitazama, kama mtu anayesikia habari za mtu mwingine.

Mwanamke alikuwa ameshafika. Sikumwona akija. Alisimama mbele ya vipandio, mkono ameunyoosha, kiganja wazi. Watu walipita na vikapu vyao kushoto na kulia kwake. Hakuna aliyemgusa.

Winifred alifungua utepe, akamwekea kiganjani.

Ulianguka. Ulipita pale palipokuwa na mkono, ukaanguka juu ya mawe.

"Utepe wangu, binti," mwanamke alisema.

"Sina, mama."

"Nitasubiri."

Alisubiri. Nilipiga magoti kwenye tope mbele yake. Nilimwambia ni mimi niliyeuchoma, anichukue mimi, mikono yangu ina nguvu. Hakunitazama. Kwake yeye sikuwepo. Alimtazama Winifred peke yake, bila hasira, kwa subira ya mtu mwenye haki yake.

Kengele ya kanisa ikapiga. Moja. Mbili. Bi Tranter alikuwa akilia. Tano. Winifred akanishika kichwa, akanivuta kwenye koti lake. Sita. Saba.

"Inuka, dada," alisema. "Utachafua soksi."

Kumi na mbili.

Kiganja kilifumba.

Mwaka ule ulikuwa mrefu. Madaktari watatu walimpima. Wa mwisho alisema moyo wake umechoka kama wa mwanamke wa miaka sabini aliyefanya kazi ngumu maisha yake yote, akauliza kama tulikuwa na shamba. Nilimpaka mafuta mikononi kila asubuhi. Mama alimlisha uji wa shayiri kwa kijiko. Wakati mwingine alitusimulia: leo nimesafisha fedha, leo nimefua mapazia. Mwezi wa Machi alisema, "Jana nimesikia mtu akipumua puani, dada. Kama anayejizuia kucheka." Akatabasamu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Oktoba. "Nitawapata tu."

Alifariki Jumanne, tarehe kumi na tisa Agosti 1958, saa kumi na mbili asubuhi. Tulimzika Ijumaa, tarehe ishirini na mbili. Mchungaji alisema amepumzika. Mama alijiegemeza kwangu akarudia neno hilo njia nzima, amepumzika, amepumzika, na mimi nikaliamini, kwa sababu lilikuwa ndilo neno pekee lililobaki nyumbani mwetu.

Dekio lilikuwa bado jikoni, nyuma ya mlango. Baada ya mazishi hatukulitumia. Lakini kila asubuhi nilipoingia kuchemsha maji nililikuta limelowa, na chini yake sakafuni pana kidimbwi kidogo cha maji ya sabuni. Nililifuta kabla mama hajaamka. Nilifanya hivyo siku arobaini na nane.

Tarehe tisa Oktoba, Alhamisi, siku ya maonyesho, nililichukua dekio hilo nikaenda Marlstow peke yangu. Nilisimama kipandio cha tatu tangu asubuhi hadi walipofungasha kabichi, kichwa cha dekio kikiwa wazi. Watoto walinicheka. Hakuna aliyeniuliza kama nina mtu wa kumfanyia kazi.

Nilirudi nyumbani jioni. Nilivua viatu, nikafungua kabati nirudishe mahali pake picha ya Winifred niliyokuwa nimekwenda nayo. Ufunguo ulikuwa shingoni mwangu, kama kawaida. Ndani ya kopo la biskuti, nyuma ya cheti cha kifo cha Winifred, palikuwa na karatasi ambayo sikuiweka mimi.

Ilikuwa barua ya sifa, ile ambayo mwenye nyumba humpa mtumishi anapomaliza muda wake. Karatasi ni nene, ya aina isiyotengenezwa tena. Nimewaonyesha wajuzi wawili. Mwandiko ni wa kalamu ya unyoya. Wino ulikuwa bado haujakauka vizuri, na herufi moja nimeiharibu kwa kidole changu. Naiandika hapa yote.

*Winifred Pargeter ametumikia nyumba hii mwaka mmoja kamili, bila kukosa siku. Ni mwaminifu na mikono yake ina nguvu. Leo nimemruhusu kwenda. Tulimzoea. Alituchekesha.*

Dekio niliporudi kulitazama lilikuwa kavu, na halijalowa tena. Barua nimeitunza.