Fulana Kwenye Kamba ya Dobi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alifagia kibaraza ambacho mama yake, fundi cherehani, aligawana na dobi. Upande mmoja ilikaa cherehani, upande wa pili meza ya dobi na pasi yake ya mkaa. Jina la Chiriku alipewa na mtaa kwa maneno yake mengi, na dobi hakuacha kumtania.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Leo mdomo umeamka kabla ya macho, eh?"

Mtaa ule ulikuwa wa Mwavuli, kufa na kupona. Hiyo ndiyo alama ya chama walichokipigia kura babu zao, wakakipigia baba zao, nao wakakipigia bila kujiuliza mara mbili. Mtu wa chama cha Ufunguo alitazamwa kama mwizi wa kuku. Lakini mama yake Chiriku alikuwa na lake moyoni. Zahanati ya mtaa ilikuwa imefungwa, na mdogo wake Chiriku aliposhikwa na homa alifia njiani, wakimkimbiza hospitali ya mbali. Ufunguo walisema wataifungua tena. Mama akaenda kimyakimya kwenye mkutano wao, mvua ikawanyeshea, akarudi na fulana yao ya manjano imejaa tope. Kuianika kwake asingethubutu. Kwenye kamba ya dobi, hata hivyo, huanikwa nguo za kila mtu, nani angeuliza? Akaifunga ndani ya taulo, akampa Chiriku aipeleke.

"Na mdomo wako, mwanangu, uufunge."

Siku ya kura ikapita. Mwavuli ukaangushwa, tena kwa kura chache, na ikasikika kwamba hata sanduku la mtaa ule lilikuwa na kura za Ufunguo. Loo! Watu wakaanza kutafuta mchawi. Fundi baiskeli, ambaye sauti yake peke yake ilitosha mtaa mzima, akaikumbuka fulana ya manjano aliyoiona kwenye kamba ya dobi.

"Ilikuwa ya nani?" akamuuliza dobi mbele ya watu.

"Ya mteja."

"Mteja gani?"

"Mteja. Mimi sitangazi nguo za watu. Nikianza leo, kesho mtaniletea shuka zenu?"

Mmoja alicheka, wengine hawakucheka. Fundi baiskeli akamgeukia Chiriku. "Wewe unashinda hapa. Umemwona huyo mteja?"

Chiriku akamtazama mama. Mama alikuwa ameinamia cherehani, mguu umesimama. Mtoto akawaza wateja wote wa mama wakiondoka mmoja mmoja, na hofu ikamjaa.

"Sijaona mteja yeyote," akasema.

Dobi akamtupia jicho mara moja tu, kisha akaendelea kunyoosha kola.

Basi watu wakaamua kwamba fulana ilikuwa ya dobi mwenyewe, na tangu hapo hakuna aliyempelekea hata leso. Salamu zake zilijibiwa kwa miguno, na pasi ikakaa baridi. Chiriku aliacha kuongea, shuleni na nyumbani. Mama naye alishona vibaya, akafumua, akashona tena. Siku moja Chiriku alirudi kutoka shule akakuta meza ya dobi haipo. Alikuwa amehamia kwa dada yake, ng'ambo ya mji, bila kumuaga mtu.

Chiriku akalia kwa kwikwi. "Mama, nilisema uongo. Mjomba hana kosa lolote!"

"Wewe ulisema uongo," mama akajibu polepole. "Mimi niliusikia nikanyamaza, na mimi ndiye mtu mzima."

Akajifuta machozi, akamshika mkono, wakaenda moja kwa moja bombani, ambako majirani walikuwa wamepanga foleni ya maji.

"Ile fulana ilikuwa yangu," mama akasema. "Na kura niliipiga kwa ajili ya mwanangu niliyemzika. Nyote mlikuja mazikoni. Kama ni kususa, nisuseni mimi."

Ndoo ikafurika na hakuna aliyefunga bomba. Fundi baiskeli, ambaye ndiye aliyebeba jeneza lile dogo, akavua kofia.

Jumamosi wakaenda kwa dobi, yeye na majirani wengine, pamoja na mama na Chiriku.

"Shikamoo, Mjomba," Chiriku akasema. "Mteja nilimjua. Nilimwogopea mama, ndiyo maana nikadanganya. Nisamehe."

"Marahaba, mwanangu. Nimekusamehe. Ila sitakuficha, uliniumiza. Lile taulo nililipokea mkononi mwako."

"Turudi nyumbani, kaka," fundi baiskeli akasihi. "Meza naibeba mimi."

Dobi akatikisa kichwa. "Nguo leteni, nitazipiga pasi kama kawaida. Lakini kuishi pale, moyo umekataa." Akamgeukia Chiriku. "Kura ya mtu ni siri yake, na hakuna mwenye haki ya kumdai. Ungesema tu, 'Hilo siwezi kulijibu,' ungemlinda mama yako na mimi pia. Kunyamaza si sawa na kudanganya, mwanangu. Ukiificha siri kwa uongo, yuko mtu atakayeubeba huo uongo. Safari hii nilikuwa mimi."

"Nimesikia, Mjomba."

Fundi baiskeli alirudi mikono mitupu. Tangu siku ile majirani huvuka mji mzima na mafurushi ya nguo zao, na hakuna anayemuuliza mwenzake alimpigia nani kura.