Picha ya Kwapani

Mwombe Mungu akukinge na jambo linaloanza kwa kicheko. Hili lilimpata mpiga picha wa mtaani kwetu, na lilianza mchana kweupe.

Kinyozi hajinyoi. Bwana yule alikuwa amewapiga picha maharusi, wanafunzi, hata maiti, lakini mkewe hakuwa na picha hata moja. Sasa mke alikuwa hoi kitandani, daktari amekwisha kusema auguzwe nyumbani, na kamera za kazi zimeuzwa kwa matibabu. Ilibaki ile kuukuu ya marehemu mjomba wake, inayotema picha papo hapo, na pakiti ya karatasi zake zilizopitwa na muda kitambo.

"Nipige hata kwa hiyo," mke akamwambia. "Usije ukanisahau sura, wewe unayesahau hata funguo."

Akapiga. Karatasi iliyozeeka hugoma kutoa sura isipopashwa joto, na mjomba alimfundisha kuibana kwapani. Akaibana, akasubiri. Alipoitoa, kitanda kilikuwemo, na mto ulikuwemo, umebonyea mahali pa kichwa. Mtu hakuwemo.

Mke akacheka mpaka akakohoa. "Umekipiga kitanda, mume wangu. Kitanda hakiumwi."

Akapiga tena. Safari hii mke alionekana ameketi ukingoni, ameipa kamera mgongo, miguu imegusa sakafu. Naye hakuwa ameinua hata kichwa.

"Nifunike miguu," akanong'ona. "Imepoa."

Angeacha. Mcha Mungu angeacha, akapiga magoti. Lakini alitaka uso wake, uso tu. Akapiga ya tatu. Pichani mke alikuwa amefika mlangoni, mkono kwenye kitasa. Kitandani ubaridi ulikuwa umempanda hadi kiunoni. Na karatasi ile ilikuwa imetoka kwapani ikiwa ya moto. Ilipwita. Taratibu, kama moyo wa mtu aliyelala.

Hapo akaelewa joto la mkewe lilikokwenda.

Akamlazia picha zote kifuani. Akasoma dua. Akamsugua mikono, akamwita. Mke hakuitika. Midomo ilikuwa rangi ya majivu.

Karatasi ilibaki moja.

Akaiweka kamera juu ya kabati, akaitega ijipige yenyewe. Akapanda kitandani, akamkumbatia mkewe. Mke anasema aliisikia dua ya mumewe kwa mbali, kana kwamba yeye yuko nje ya mlango.

"Mola wangu, sura za watu wote nimezitunza, hii nikaipuuza. Kama lazima mtu atoke, nitoe mimi."

Kamera ikalia. Picha ikatoka. Hakuibana kwapani mwake. Aliibana kwapani mwa mkewe.

Akasubiri.

Miguu yake mwenyewe ikaanza kupoa.

Jioni wifi mtu alikuja kumwogesha mgonjwa, akakuta mlango umekomewa kwa ndani. Aliyeufungua ni mgonjwa mwenyewe, amesimama wima, jasho linamtiririka, akiuliza mumewe kaenda wapi. Viatu vya mume vilikuwa chini ya kitanda. Shati lake lilikuwa kitandani, vifungo vyote vimefungwa.

Picha ilikuwa bado kwapani mwa mke. Pichani mke amelala, uso wake wazi, mzuri, hata nyusi unaweza kuzihesabu. Nyuma yake, mlangoni, kuna mwanamume aliyeipa kamera mgongo, mkono kwenye kitasa.

Mke ameitia kwenye fremu ya kioo. Kila asubuhi kioo kinakuwa na ukungu. Huufuta kwa kitambaa, hautoki.

Uko upande wa ndani.