Hujahama Bado, Elsie

Asubuhi nyumbani kwa kina Elsie, mtaa wa Makongeni, huanza kwa vurugu. Mama Rispa anageuza chapati. Baba Ochola anatafuta soksi ya pili. Na jirani anapiga hodi.

"Daktari yuko? Goti limeninyima usingizi!"

Daktari mwenyewe ni Elsie, mwanafunzi wa chuo kikuu, mwaka wa kwanza. Anasoma kemia. Hawezi kumwandikia dawa hata paka. Lakini alimwambia mama yake kwamba anataka kuhamia shahada ya ufamasia, kozi ya wataalamu wa dawa. Mama akamwambia jirani mmoja tu. Huyo mmoja alitosha. Jumapili iliyofuata Elsie alisimamishwa kanisani, akaombewa kama daktari, akapigiwa makofi.

Hapo ndipo alipopotea. Baada ya makofi yale, kemia ilionekana ndogo. Akaacha kwenda darasani. Kila siku alivaa koti lake jeupe la maabara, akaenda mtaa wa Mowlem, kwenye duka la dawa la Hibaq, rafiki wa familia. Hibaq ni mfamasia. Alimwachia Elsie kazi ya kupanga makatoni, akidhani chuo kimefungwa.

Siku moja akamwuliza, "Elsie, likizo gani hii haiishi?"

"Hatujafunga, dada. Mimi nahama. Kemia ya nini tena?"

"Umepata nafasi ya ufamasia?"

"Bado."

"Umeomba?"

"Muda wa maombi haujafika."

"Basi hujahama bado. Umetoroka tu!"

Elsie akacheka. Hibaq hakucheka.

"Niambie, huko kwenu mtu akitaka kuhama, anarudisha ufunguo kabla hajapata nyumba nyingine?"

"Wacha, dada! Si atalala nje?"

"Na wewe utalala wapi?"

Elsie akaweka katoni chini. Kisha akasema polepole, "Dada, Ijumaa tuna mtihani."

"Wallahi! Na uko hapa unapanga dawa za kikohozi?"

Hibaq akamvutia kiti.

"Sikiliza. Hata mimi nilihama. Nilikuwa nasoma mambo ya mimea. Watu wa ufamasia waliangalia alama zangu za kidato cha nne, hasa kemia na baiolojia. Halafu wakaangalia nilivyofanya kule nilikokuwa. Nafasi ni chache, wanaoomba ni wengi. Usipofanya mitihani, utawaonyesha nini? Koti?"

"Na wakinikataa?"

"Ukiwa umesoma, bado una kemia yako. Ukiwa umetoroka, huna hii wala ile. Sasa, kila chuo kina masharti yake. Nenda ofisi ya ufamasia uwaulize wenyewe, si hao washauri wa kantini. Uliza muda wa maombi. Uliza kama kozi inatambuliwa na bodi ya wafamasia. Mtu akisema atakupitisha mlango wa nyuma, kimbia. Halafu jiandae, huenda ukaanza mwaka wa kwanza upya."

"Upya? Na kanisani nishaitwa daktari!"

"Waambie maombi yaendelee."

Kesho yake Elsie alirudi chuoni. Mwalimu wake wa maabara, Bwana Mbuthia, alimtazama juu ya miwani.

"Karibu, mgeni. Umepotea njia?"

Elsie akaeleza ukweli wote. Mwalimu alimruhusu kurudia majaribio mawili aliyokosa. La tatu alikataa. Alama zake zikapotea. Ijumaa Elsie akafanya mtihani, akatoka jasho.

Ofisi ya ufamasia nayo ilimjibu vizuri. Alama zake za shule zilifaa, ila walitaka kuona matokeo ya mwaka mzima. Basi akasoma hiyo kemia kama mtu aliyekusudia kuzeeka nayo. Matokeo yakatoka mazuri. Muda ulipofika, akaomba. Mwaka wa pili ukaanza, jibu halijaja. Akaendelea kuhudhuria.

Siku moja alikuwa maabara, akidondosha asidi kwenye chupa, tone kwa tone, akingojea rangi igeuke. Simu ikatetemeka mfukoni. Ikatetemeka tena.

"Si uangalie?" Bwana Mbuthia akasema. "Labda ndio hao wanaotaka kukuiba."

Elsie akadondosha tone jingine.

"Wacha nimalize hii kwanza, mwalimu."

Rangi ikageuka. Akaandika jibu lake, akaosha vyombo, akatoka nje. Akasoma ujumbe. Akausoma tena. Akapiga simu nyumbani.

"Mama, nimepata! Ufamasia!"

Mama Rispa akapiga kigelegele kilichowatoa majirani nje.

"Lakini mama, naanza mwaka wa kwanza tena."



"Basi anza, daktari wangu. Chapati zipo."

"Mama, mimi si daktari."

"Najua. Ndiyo maana unaenda kusoma."