Gari la Mzee Haliendi Arusha

Alhamisi asubuhi, Mutunga alikuwa akipiga msasa mimbari nje ya nyumba yao Shauri Moyo. Vumbi la mbao lilimjaa hadi kwenye nyusi. Kanisa moja la Arusha lilikuwa limemwagiza mimbari hiyo, na ilipaswa kufika kabla ya ibada ya Jumapili. Hakuwahi kupata kazi kubwa kama hiyo.

Jirani yake Wakiuru, karani katika ofisi ya bima, alisimama kumsalimu.

"Sasa, Mutunga! Utaipeleka na nini?"

"Na gari letu. Bima tumelipa mwaka mzima. Kesho mapema niko mpakani Namanga."

"Bima hiyo inaishia hapo hapo Namanga," Wakiuru alisema. "Ukigonga mtu ng'ambo, haikusaidii. Lazima uwe na Kadi ya Njano ya COMESA, bima ya kuendeshea gari nchi jirani. Hutolewa na kampuni yako ya bima. Niletee logibuku, ile hati ya umiliki wa gari, nikushughulikie leo."

Mama yake Mutunga, Ndunge, alitoa logibuku ndani ya Biblia, pamoja na cheti cha bima. Wakiuru alisoma, akarudia kusoma.

"Mama, huyu Kitonga aliyeandikwa hapa ni nani?"

"Mume wangu. Tulimzika miaka sita iliyopita."

"Ngai! Na bima mnakata kwa jina la nani?"

"Lake. Hili ni gari la mzee, mwanangu. Kulitoa jina lake ni kama kumfukuza nyumbani."

Wakiuru aliketi juu ya gogo.

"Mama, marehemu hawezi kukata bima. Wala hawezi kutia sahihi barua ya kumruhusu Mutunga kuvuka na gari lake. Mkigonga mtu hata hapa Nairobi, kampuni inaweza kukataa kulipa."

Jumapili iliyopita tu Mutunga alikuwa amebeba kina mama wanne wa kanisa katika gari hilo. Aliweka msasa chini.

"Miaka sita!" alisema. "Miaka sita nimekuwa nikiendesha hivi?"

Ndiyo, sita, na si kwa ujeuri. Walifanya hivyo kwa heshima, kama familia nyingi zifanyavyo.

"Na mimbari je?" Ndunge aliuliza.

"Tafuteni gari ambalo mwenyewe yuko hai," Wakiuru alijibu.

Mutunga alimpigia binamu yake Nzivo, mwenye pikapu kule Huruma. Nzivo alikubali, akaandika barua ya ruhusa mbele ya wakili. Wakiuru alisaidia kupata Kadi ya Njano ya pikapu hiyo. Kisha akamwambia Mutunga abebe pasipoti, leseni, logibuku halisi, kadi ya chanjo ya homa ya manjano na karatasi za mzigo. Kibali cha gari angekipata mpakani.

Mutunga alivuka mpaka salama. Lakini alipokuwa akirudisha pikapu nyuma mlangoni mwa kanisa kule Arusha, aliangusha pikipiki iliyoegeshwa. Taa ya pikipiki ikavunjika. Askari wa trafiki alipofika na kuuliza bima, Mutunga alitoa Kadi ya Njano. Askari akanakili namba, akamweleza mwenye pikipiki atakakopeleka madai. Jumapili mchungaji alihubiri kwenye mimbari mpya.

Jumatatu, Mutunga na mama yake walikwenda kwa wakili kuanza kushughulikia mirathi, ili gari libadilishwe jina. Kabla ya kuondoka nyumbani, Ndunge alifungua mlango wa gari, akachukua kofia ya mumewe iliyokaa pale mbele tangu mazishi.

"Kitonga ameendesha vya kutosha," alisema. "Tumwache apumzike."