Mgeni Aliyekataa Kuketi

Harufu ya mkate wa moto ilimfikia Rattan Kaur akiwa ameinamia sufuria la magome. Ilikuwa adhuhuri. Akageuka kulitazama tanuri la udongo. Lilikuwa baridi. Unga uliisha kabla ya mvua, na tangu hapo Masingasinga wa ngome ile walikuwa wamekula majani, kisha farasi, na sasa magome ya miti.

"Nani anaoka?" akauliza.

"Mfalme wa Delhi," akajibu Kehar Singh, mzee wa jicho moja aliyekuwa akitwanga mifupa. "Kasikia una njaa, mama. Kakuonea huruma."

Rattan hakucheka. Harufu ile ilikuwa na samli.

Nje, jeshi la mfalme lilikuwa limeizingira ngome, hema kwa hema hadi mtoni. Mpiga mbiu wao alizoea kuja chini ya ukuta na kupaza sauti: fungueni, mtakula. Nao walizoea kumtukana mpaka aondoke. Lakini harufu huitukani ikaondoka. Ilishinda jikoni, ikazidi, na kesho yake Rattan akasikia ndani ya tanuri viganja vikipiga donge la unga, pa, pa, pa, kama vya mwanamke asiye na haraka.

Akamkuta shemeji yake, Desa Singh, mlinzi wa mlango wa nyuma, amepiga magoti na kuingiza kichwa kizima ndani ya tanuri, mabega yakimtikisika kwa kicheko kidogo kidogo, na alipomvuta kwa kilemba akaona midomo yake imejaa majivu, anayatafuna taratibu, macho kayafumba kwa utamu.

"Desa! Unakula nini?"

"Usipige kelele, shemeji," akanong'ona. "Basanti amepika. Yuko mlango wa nyuma, mikono imejaa, hawezi kusukuma. Nimfungulie tu kidogo."

"Basanti mkeo alikufa, tukamchoma sisi wenyewe. Wewe ndiye uliyewasha kuni."

"Najua." Machozi yakachora mistari kwenye majivu. "Lakini ana samli."

Hapo sauti ikatoka tanurini, laini, sauti ya Basanti kabisa, ikamwita Desa kwa jina la chumbani, kisha ikawa sauti ya mama yake Rattan, kisha ya mke wa Kehar, na uani kote watu wakasimama mmoja mmoja, kila mmoja akimsikia wake, wakaanza kujikokota kuelekea mlango wa nyuma bila kutazamana.

Kehar akachomoa upanga. "Ni jini. Hufuata njaa kama inzi afuatavyo kidonda."

"Hutolewaje?"

"Kwa mganga. Na mganga yuko ng'ambo ya mto, nyuma ya mizinga."

Rattan akatazama migongo ya watu wake. Akachukua upawa, akaupiga kwenye sufuria la chuma kwa nguvu zote zilizombakia.

"Chakula tayari! Ketini!"

Mazoea ya miaka yana nguvu kuliko hofu. Wakageuka. Wakaketi chini kwa mstari, jemadari na mfagizi bega kwa bega, kama walivyokula siku zote. Desa peke yake alibaki wima. Rattan akaomba dua, akagusa uji wa magome kwa ncha ya jambia lake kuubariki, kisha akaligeukia tanuri.

"Uliyemo humo, toka ule. Hapa mgeni hafukuzwi."

Moshi ukatoka, ukawa Basanti, amenona, nywele zimetiwa mafuta, nyayo haziigusi ardhi. Mikononi alibeba mikate inayodondosha samli. Mtu mmoja mstarini akalia kwa sauti.

"Keti," Rattan akasema, akionyesha nafasi kando ya mfagizi.

"Mimi nimeumbwa kwa moto. Siketi vumbini na walaji wa magome. Fungueni mlango, muwe watu tena."

Mate yalimjaa Rattan kinywani. Akayameza.

"Hapa hata mfalme akija, huketi kwanza ndipo apakuliwe. Asiyeketi si mgeni." Akanywa upawa mzima wa uji ule mchungu mbele ya macho yake. "Onjeni pilau, ndugu zangu. Leo nimetia zabibu!"

"Lozi umezidisha!" akafoka Kehar. Kicheko kikapita mstarini, dhaifu, kikarudi na nguvu.

"Desa," jini akaita. "Mume wangu."

Desa akazitazama nyayo zake zisizogusa ardhi. Kisha akatema majivu miguuni pake, akaenda kuketi kando ya mfagizi, akainua bakuli.

"Nipakulie, shemeji. Jaza."

"Sat Sri Akal!" mstari wote ukanguruma mwito wao wa imani.

Sura ya Basanti ikapasuka kama chungu. Kilichokuwa ndani kikapiga ukelele, kikaruka juu ya ukuta, na tanuri likaanguka vipande viwili.

Alasiri mpiga mbiu akaja. "Enyi waasi! Mmekula nini leo?"

"Tumekula tukashiba!" Kehar akamjibu kutoka juu. "Tulikuwa na mgeni, ila ana maringo. Tumemtuma kwenu, mtaelewana!"

Jua lilipokuwa likishuka, upepo ukaleta harufu ya mkate kutoka kambini, na sauti ya mwanamke ikiita kwa majina askari wenye njaa ya nyumbani, pole pole. Wakasikika wakiitikia, "Naam, mama," mmoja baada ya mwingine, na nyayo zikielekea mtoni, kisha kishindo cha maji.

Desa Singh akasikiliza mpaka wa mwisho. Akakaza kilemba, akachukua mkuki, akarudi zamuni.