Salamu za Baba Mkwe

Mfuko ulimsukuma. Winifrida aliubana, ukabonyea, kisha ukamrudishia nguvu viganjani kana kwamba upande wa pili yupo mtu naye anabana.

Mumewe, Pasikali, alikuwa amelala hospitalini Kasulu na mpira wa hewa kooni. Mwaka ule wa 1974 watu walikuwa wakihamishiwa vijijini, naye alizama akivusha nguzo za nyumba Mto Malagarasi. Walimtoa hai. Wazee walisema mto haupendi kunyang'anywa. Siku ya tano, adhuhuri, jenereta liliishiwa dizeli na mashine ya kupumulia ikazimika.

"Bana kidogo kidogo, mama," muuguzi Venanti alimwelekeza, akimkabidhi mfuko wa kusukumia hewa kwenye ule mpira, kabla ya kukimbilia dizeli. "Mapafu yamejaa maji, yamekuwa magumu. Sehemu inayopokea hewa ni ndogo kama ya mtoto. Ukibana sana utayapasua. Ukiacha yatajikunja, na yakijikunja hayakunjuki tena."

Akabana. Harufu ya tope ikaingia wodini. Mlangoni alisimama baba mkwe wake, Mzee Hatungimana, nguo zinachuruzika maji, na nje jua linawaka.

"Mwidiwe, mwanangu."

Kwa Waha, mkaza mwana hamwamkii baba mkwe kwa mdomo mtupu. Hupiga magoti, akapiga makofi taratibu.

"Mwidiwe, baba," Winifrida akanong'ona, mikono ikiwa bado kwenye mfuko.

"Na mikono? Ndivyo mnavyolelewa kwenu Munanila?"

Aibu humwondolea mtu akili haraka kuliko pombe. Winifrida akauachia mfuko, akapiga magoti, akapiga makofi, na mzee akamwuliza habari za mama, za shamba, za mbuzi, za mvua, kama salamu za Kiha zinavyokwenda, naye akaitikia kila moja kwa makofi huku kifua cha mumewe kikishuka na kushuka, mpaka alipoinua macho akakuta mlangoni pana maji tu sakafuni.

Akaurukia mfuko. Ulikuwa mgumu kama gogo. Akaubana kwa nguvu zake zote, shingo ya Pasikali ikavimba, mashavu yakavimba, hewa ikatambaa chini ya ngozi ikichakarisha kama majani makavu, naye akabana tena huku akilia, akabana tena, mpaka ghafla mfuko ukalainika, ukaanza kujaa na kunywea vizuri kuliko siku zote. Maskini, akamshukuru Mungu.

Jioni Venanti alirudi na dizeli, amefuatana na Mzee Hatungimana, mkavu, vumbi la njia ya Kitanga miguuni. Winifrida hakumwamkia. Alimkazia macho ya chuki, mikono haikubanduka.

Venanti akamgusa Pasikali, akarudisha mkono haraka. "Mama, huyu amekufa tangu mchana. Ameshakakamaa."

"Anapumua! Tazama mfuko!"

"Ni wewe unayeubana, mwanangu," mzee akasema, machozi yakimtoka. "Basi. Acha."

Winifrida akainua mikono yote miwili juu, waione.

Mfuko ukaendelea kupumua.